Kitendawili cha mwisho cha shindano kimepata majibu manne: lipi lipewe ushindi?

#1 Mshika Daftari

Waungwana wa sarafu, salaam.

Shindano letu la vitendawili limefika mwisho kwa ubishi, nami sina ruhusa ya kufunga daftari kabla ubishi huo haujasikilizwa. Vitendawili vya mwanzo viliteguliwa bila taabu. Kile cha "Nina tundu tumboni wala sina tarakimu" kilijibiwa mara moja kuwa ni yeni 5 ya Japani, ambayo thamani na mwaka wake vimeandikwa kwa maandishi ya Kijapani peke yake. Kile cha "Nimeandikwa 1299, lakini mwenzangu wa 1860 ni mkubwa wangu" kilijibiwa kuwa ni paisa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, kwa sababu mwaka huo ni wa Hijria na unaangukia 1881 na 1882 za Miladia.

Kilichotugawa ni cha mwisho:

"Mwaka ninaouvaa si wangu. Mwenye jina langu hakuniona. Nimekaa na watu wasiomjua, nao wakanipenda. Niguse ubavuni, nitasema."

Yamekuja majibu manne, na kila mmoja amelitetea lake kwa nguvu. Aliyetega amelifungia jibu lake ndani ya bahasha, lakini kanuni tuliyokubaliana inasema kwamba jibu lolote linalotimiza mistari yote linashinda, hata kama silo lililomo ndani ya bahasha. Kwa hiyo tusikisie bahasha ina nini. Tujadili ni sarafu ipi inayotimiza mistari yote minne.

#2 Mizani

Asante, Mshika Daftari. Mimi nilijibu riale ya Maria Theresa, ambayo Waaustria huiita thaler, na bado nimesimama hapo hapo. Malkia huyo alifariki tarehe 29 Novemba 1780, na tangu wakati huo riale yake imeendelea kufuliwa ikiwa na mwaka ule ule wa 1780, si Vienna tu bali pia Roma, London, Paris, Bombay na Birmingham. Sababu ilikuwa ya kibiashara. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na Uarabuni walikuwa wameizoea sura ile, wakawa wanaikataa riale yenye sura nyingine hata kama fedha yake ni ile ile. Austria yenyewe iliiondoa katika matumizi ya ndani mwaka 1858, lakini haikuacha kuifua kwa ajili ya watu wa mbali. Mnataka sarafu gani nyingine ambayo mwaka si wake, mwenye jina hakuiona, na watu wasiomjua waliipenda kiasi hicho? Ukiiweka kwenye mizani utapata gramu 28.07, na sehemu 833 katika kila 1,000 ni fedha halisi, jambo linaloeleza mapenzi hayo yalitoka wapi.

#3 Binti Lenzi

Naongeza alichokiacha Mizani, maana ndicho kinachoujibu mstari wa nne. Ninayo riale moja iliyowahi kuvaliwa shingoni. Juu ya kichwa cha malkia limebaki kovu la lehemu mahali kilipokuwa kipete cha kupitishia uzi. Nikiisimamisha kwa ukingo chini ya taa na kuizungusha polepole nyuma ya kioo cha kukuzia, herufi zinajitokeza moja moja: IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, na baina ya maneno hayo pana mapambo yaliyojikunja kama vikonyo vya mzabibu. Herufi zenyewe zimenyanyuka, hazikuchimbwa, kwa hiyo hata ukifumba macho kidole kinazikuta. Huo ndio ubavu unaosema.

#4 Chapa Kongwe

Heshima kwenu nyote wawili, lakini mmeuruka mstari wa kwanza. Riale zilizofuliwa mwaka 1780 wenyewe, malkia akiwa hai, zipo, na kwa hizo mwaka ni wao kweli kweli. Jibu ambalo ni sahihi kwa baadhi ya sarafu na si sahihi kwa dada zake haliwezi kuitwa jibu.

Dola ya Marekani ya 1804 haina udhaifu huo, kwa sababu hakuna hata moja iliyofuliwa mwaka 1804. Daftari la kiwanda cha Philadelphia la mwaka huo lilionyesha dola 19,570, ila hizo zilipigwa kwa mihuri (vyuma vya kuchapia sura na maandishi) ya miaka ya nyuma. Miaka 30 baadaye, mwaka 1834, serikali ilipotaka seti za zawadi kwa watawala wa Asia, kiwanda kilitengeneza mihuri mipya na kuitia 1804, kwa kuwa ndio mwaka wa mwisho ambao kumbukumbu zilionyesha kwamba dola zilifuliwa. Mjumbe Edmund Roberts akazipeleka ng'ambo: seti moja ikamfikia Said bin Sultan wa Muscat mwaka 1835, nyingine ikamfikia mfalme wa Siam mwaka 1836. Huo ndio mstari wa tatu. Na ukingoni yapo maneno HUNDRED CENTS ONE DOLLAR OR UNIT, kwa hiyo nayo inasema.

#5 Michirizi

Chapa Kongwe, umeieleza historia yake vizuri, lakini naomba nikuulize mambo matatu. Kwanza, mwenye jina ni nani? Uso ulioko pale ni wa Uhuru, na Uhuru si mtu wa kuona au kutoona. Pili, kitendawili kinasema "nimekaa na watu", nawe unatuletea sultani mmoja na mfalme mmoja. Dola hizo zinazojulikana hadi leo ni 15 tu, na hazikuwahi kukaa na watu, zilikaa ndani ya visanduku. Tatu, si zote 15 ni za zawadi. Nane ndizo za kundi la kwanza; moja ya kundi la pili ina ukingo mtupu usio na neno hata moja; sita zilizobaki zilitengenezwa baadaye kwa ajili ya wakusanyaji. Ukiikataa riale kwa sababu ya dada zake wa 1780, basi ile yenye ukingo mtupu nayo iikatae dola yako.

#6 Tundu Kati

Jibu la tatu ni langu, nalo ni senti 10 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, yenye tundu katikati na jina la EDWARDVS VIII. Mfalme huyo hakutawala hata mwaka mzima: alirithi kiti baba yake alipofariki Januari 1936, na ilipofika tarehe 11 Desemba alikuwa amekwisha kukiacha, hajavishwa taji. Uingereza kwenyewe hakuna sarafu ya matumizi iliyotoka ikiwa na kichwa chake. Zilizotoka ni hizi za makoloni zenye tundu, za Afrika Mashariki, Afrika Magharibi, Fiji na New Guinea, kwa sababu hazikuhitaji kusubiri picha ya mfalme. Palitakiwa jina na taji tu. Watu waliozishika hawakumjua hata kwa sura, maana sura haikuwepo. Na kuhusu mwaka, 1936 ulikuwa na wafalme watatu, George wa Tano, Edward wa Nane na George wa Sita, basi ni nani atakayesema ulikuwa wake?

#7 Binti Lenzi

Ndugu Tundu Kati, hoja ya wafalme watatu ni nzuri na inasikika vyema, lakini mstari unasema mwaka si wa sarafu. Hausemi si wa mfalme. Senti yako ilifuliwa kwa mwaka 1936 na imeandikwa 1936. Ubavu wake nao nimeupapasa sasa hivi: ni laini tupu, hauna herufi wala mchirizi. Unabaki na mistari miwili.

Kama ungetaka mwaka usio wake chini ya jina la Edward wa Nane, ungezileta sampuli za sarafu ya thamani ya peni tatu, za shaba ya njano na zenye pande 12. Hizo zimeandikwa 1937, mwaka ambao hakuwa mfalme tena. Ila hizo hazikukaa na watu. Zilizotoka nje ya kiwanda zinahesabika kwa vidole.

#8 Tundu Kati

Nakubali kuhusu ubavu. Sikubali kuhusu mwaka. Kitendawili hakitegwi kwa lugha ya wakili, na mtegaji yeyote anayemweka mfalme asiye na uso mbele yetu anajua anachokifanya.

#9 Sikka

Naomba nafasi kwa jibu la nne, ambalo naona limepuuzwa kwa sababu wengi wetu huanza kukusanya kwa sarafu za Ulaya.

Mfalme Shah Alam wa Pili wa Delhi alikuwa akitaja mwaka wa utawala wake kwenye rupia zake, kama walivyofanya waliomtangulia. Desturi hiyo iliwafaidi wavunja fedha, yaani wabadilishaji wa sarafu, kwa maana rupia ya mwaka uliopita ilikatwa kidogo ya thamani yake, na ya miaka ya nyuma zaidi ikakatwa zaidi, ingawa fedha iliyomo haikupungua. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilipoishika Bengal ikaamua kukomesha jambo hilo kwa kuugandisha mwaka: kila rupia itakayofuliwa iandikwe mwaka wa 19 wa utawala, basi, ili asiwepo wa kuuliza ipi ni kuukuu. Mwaka wa 19 ni takriban 1777 na 1778. Rupia za aina hiyo zikaendelea kufuliwa kwa mashine mwishoni mwa karne ya 18 na hata baada ya Shah Alam kufariki mwaka 1806.

Sasa mtazame mstari wa pili. Mwaka 1788 Ghulam Qadir aliiteka Delhi, akamng'oa Shah Alam macho. Rupia hizo za mashine zilipoanza kutoka katika miaka ya 1790, mwenye jina alikuwa hai, yuko kwenye kiti chake, lakini hakuweza kuiona hata moja. Katika majibu yote yaliyotajwa hapa, hili ndilo pekee ambalo "hakuniona" ni kweli neno kwa neno. Na ubavu wake una michirizi, ya mshazari katika zile za mwanzo na ya kusimama wima katika zilizofuata. Upitishe ukucha taratibu utaisikia.

#10 Michirizi

Sikka, nimekusoma mara mbili. Kama mstari wa pili ungekuwa ndio kitendawili chote, ningekuvisha taji leo hii.

#11 Mizani

Na mimi nasifu, lakini mstari wa tatu umeuacha wapi? Watu wa Bengal walimjua Shah Alam. Kwa jina lake ndipo Kampuni ilipopata haki ya kukusanya kodi ya Bengal mwaka 1765. Huwezi kusema rupia ilikaa na watu wasiomjua.

Jambo la pili ni la ubavu. Michirizi iko kwenye maelfu ya sarafu duniani. Iliwekwa kwa sababu watu walikuwa wakizikata kingo za sarafu za fedha na dhahabu na kuyeyusha vipande, na ukingo wenye alama huonyesha mara moja kwamba umepunguzwa. Kazi hiyo hiyo ndiyo iliyofanywa na maneno DECUS ET TUTAMEN, pambo na kinga, yaliyoanza kutiwa kwenye kingo za fedha za Uingereza mwaka 1662. Mtegaji angetaka michirizi angesema "ubavu wangu una mikato". Amesema "nitasema", na chenye kusema ni maneno.

#12 Jicho Jipya

Naombeni radhi kwa kuingilia. Mimi ni mgeni katika mambo haya na ninajifunza kwa kusoma. Kuna mtu aliwahi kunitegea hivi: "Muuzaji ana sarafu ya kale ya Roma iliyoandikwa mwaka 44 kabla ya Kristo; utainunua?" Je, nayo ni ya aina ya "mwaka si wangu"?

#13 Michirizi

Karibu sana, Jicho Jipya. Usiinunue. Mfuaji wa wakati ule hakuwa na njia ya kujua kwamba Kristo atazaliwa baada ya miaka 44, basi hakuweza kuhesabu kurudi nyuma kutoka kwake. Warumi walionyesha wakati kwa majina na vyeo vya watawala, au kwa tukio. Brutus, kwa mfano, alitoa dinari yenye kofia ya uhuru baina ya majambia mawili na maneno EID MAR, yaani siku ya katikati ya Machi aliyouawa Julius Caesar, bila tarakimu ya mwaka. Hicho ulichotegewa ni kitendawili cha kuwanasa wageni, nawe hukunaswa, kwa kuwa umeuliza kwanza. Hapa kuna wakongwe waliokurupuka na majibu kabla ya kuuliza, nami siwataji kwa majina yao wala kwa dola zao.

#14 Chapa Kongwe

Nimekusikia, Michirizi, na dola yangu imekusikia pia.

#15 Pauni Njano

Mimi sikushiriki shindano, lakini naona mmesahau pauni ya dhahabu ya Uingereza ya 1925. Kiwanda cha London kiliifua tena mwaka 1949, 1951 na 1952, kwa mwaka ule ule wa 1925 na kichwa kile kile cha George wa Tano, ambaye alifariki mwaka 1936. Lengo mojawapo lilikuwa mafundi wasipoteze ujuzi wa kufua dhahabu. Mwaka si wake, mwenye jina hakuiona, na ubavu una michirizi. Austria nayo hufua hadi leo dukati, sarafu zake za dhahabu, zilizoandikwa 1915 zenye kichwa cha Franz Joseph, aliyefariki mwaka 1916. Kwa hiyo majibu hayakomei manne.

#16 Binti Lenzi

Pauni Njano, asante kwa kutuletea dhahabu, lakini unaturudisha kwenye pingamizi la Chapa Kongwe: pauni za 1925 zilizofuliwa 1925 zipo, tena nyingi, nazo zinafanana na za baadaye. Dukati afadhali uitetee kwa nguvu zaidi.

Hapa nataka kusema jambo ambalo limekuwa likinisumbua tangu ujumbe wa nne. Tunahukumu aina ya sarafu, au tunahukumu kipande kimoja? Kitendawili kinasema "mimi", hakisemi "sisi". Ukinipa kiganjani riale moja iliyofuliwa Roma katika miaka ya 1930, wakati Italia ilipoihitaji kwa ajili ya vita vya Uhabeshi, kipande hicho kinaweza kusema mistari yote minne kwa ukweli kamili, na hakina haja ya kumjibia dada yake wa 1780. Kwa jicho hilo pingamizi la Chapa Kongwe linaanguka.

#17 Chapa Kongwe

Linaanguka kama unaweza kukitambua kipande chenyewe. Herufi S.F. zilizo chini ya kifua cha malkia ni za Schöbl na Faby, maofisa wa kiwanda cha Günzburg, na viwanda vilivyofuata vilizinakili hizo nazo pamoja na mwaka. Riale inadai mahali isikotoka kama inavyodai mwaka usio wake. Nionyeshe utakavyoithibitisha mbele ya waamuzi.

#18 Binti Lenzi

Kwa kazi ya subira. Zipo tofauti katika lulu za bruchi iliyoko begani, katika manyoya ya mkia wa tai, na katika mapambo ya ukingoni niliyoyataja, na wapo waliozilinganisha muhuri kwa muhuri. Nitakubali kwamba mtu akiwa na riale moja tu mezani hana cha kulinganishia.

#19 Mtegaji

Nimekuwa nikisoma kimya kwa sababu kanuni hainiruhusu kutegua. Nitafafanua neno moja tu, kwa kuwa limeulizwa katika karatasi za majibu: "ubavuni" ni ukingoni, si upande wa kichwa wala upande wa pili. Kuhusu "nitasema", siongezi wala sipunguzi. Kitendawili kikishategwa si mali ya aliyekitega.

#20 Sikka

Nashukuru kwa ufafanuzi. Basi nami nauliza: sarafu ya fedha ukiisawazisha kwenye ncha ya kidole na kuigonga ukingoni kwa kipande cha mti, mlio wake hauhesabiki kuwa ni kusema? Wavunja fedha walijua nzuri na bandia kwa sikio kabla ya kutafuta mizani. Mlio wa fedha hudumu. Wa risasi hufa papo hapo. Kama mlio unahesabiwa, ubavu wa rupia unasema sawasawa na wa riale, nasi tunabaki kulinganisha mistari mitatu ya kwanza.

#21 Mizani

Kama mlio unahesabiwa, kila sarafu ya fedha iliyowahi kufuliwa inasema, na mstari wa nne hauna kazi tena. Mstari usiochuja kitu hauwekwi ndani ya kitendawili na mtu mwenye umakini wa mtegaji huyu.

#22 Tundu Kati

Au umewekwa ili usichuje. Vitendawili vingi vina mstari wa kupoteza njia.

#23 Michirizi

Kabla hatujaenda mbali, nataja moja ya kupima vigezo vyetu, wala silileti kama jibu. Peni za Uingereza zenye msalaba mfupi zilifuliwa kuanzia 1180 hadi 1247 zikiwa na jina HENRICUS wakati wote, hata Richard na John walipokuwa wafalme. Mfuaji alikuwa wa mfalme mmoja, jina lilikuwa la mwingine. Hazina mwaka, kwa hiyo zinaanguka mstari wa kwanza. Nazitaja ili tuone kwamba jina lisilo la mtawala aliyepo ni jambo la zamani sana, na kwamba kinachokifanya kitendawili hiki kiwe kigumu ni ule mwaka. Sarafu yenye jina la marehemu inafuata mazoea ya watu; yenye mwaka wa uongo inahitaji mtu aliyeamua kuuandika. Kampuni iliamua ili kuwazuia wavunja fedha. Austria iliamua ili kuwaridhisha wanunuzi. Philadelphia iliamua kwa kufuata daftari. Mimi ningempa ushindi yule ambaye uamuzi huo unaonekana wazi zaidi, na hapo naelemea kwa Sikka, ingawa mstari wa tatu haujanitosheleza.

#24 Mshika Daftari

Nimeandika yote. Senti ya 1936 imebaki na mtetezi mmoja. Kwa riale, waamuzi wanataka kusikia kama kipande kimoja kinatosha au aina nzima ihukumiwe. Kwa dola, bado hatujaambiwa mwenye jina ni nani. Kwa rupia ni mstari wa tatu. Naacha mjadala wazi hadi waamuzi wakutane, na bahasha haifunguliwi kabla ya hapo.

#25 Chapa Kongwe

Mwenye jina wa dola ni mwaka wenyewe. Inaitwa "dola ya 1804", haina jina jingine kwa mkusanyaji yeyote, na mwaka 1804 haukuiona.

#26 Mizani

Huo ni ujanja wa hali ya juu, lakini sasa mistari miwili umeijibu kwa jambo moja.

#27 Sikka

Kuhusu mstari wa tatu, naomba waamuzi wausome upya: "watu wasiomjua". Yawezekana si wenyeji wa Bengal. Waliozifua rupia hizo, wakazihesabu, wakazitumia kulipa askari na kununulia bidhaa, ni watu wa Kampuni waliotoka ng'ambo, ambao Shah Alam kwao alikuwa maandishi ya Kiajemi wasiyoweza kuyasoma. Je, hao si watu walioipenda?